Filimbi ya Kuitia Kwale

Jumatatu, 4 Oktoba 1999. Gisenyi, Rwanda.

Nimeamka mzima, nashukuru. Chai ya maziwa, andazi moja, mvua imekata. Mwanamume mwenye kipaji hahitaji zaidi.

Kipaji chenyewe: naita ndege wa porini. Nilijifunza Karagwe, Tanzania, nilikozaliwa na kukulia. Niliguna kooni tu, kanga wakatoka vichakani mmoja mmoja kuja kumtazama mgeni. (Walikuwa kanga wa kufugwa, wa jirani. Hilo naliandika hapa tu.)

Sasa kipaji kinahitajika. Mimi na Umuhoza tumependana mwaka mzima. Jana nilikwenda Kanama kujitambulisha kwa baba yake, mzee Sebagabo. Mzee aliuliza swali moja: "Watu yako iko wapi?" Huku mtu haendi kuomba mke peke yake. Anakwenda na baba, wajomba, na mzee wa kumsemea. Wazazi wangu tuliwazika Karagwe, ndugu sina. Nikajisikia nikisema kwamba naweza kuita kwale kutoka kilima cha pili.

Mzee alicheka. Anapenda nyama ya kwale kuliko kitu chochote. Akasema basi nilete. Mkono mtupu haulambwi! Akishakula watatu, habari ya wajomba itamtoka kichwani.

Kuna Donat. Muuza mbao, pikipiki nyekundu, wajomba tisa. Naye anamtaka Umuhoza. Wanakwenda kuomba Jumapili hii.

Jumanne, 5 Oktoba.

Mazoezi uani, hapa Nengo, kabla ya kazi. Sauti ya kwale ni kama mlango usiotiwa mafuta. Nilikuwa nimeipata kabisa Mama Thacienne alipotoka. Yeye ndiye mwenye nyumba, anauza sambaza, dagaa wa ziwani, huko sokoni. Alinikabidhi kikombe cha maji ya moto yenye asali. "Kunywa, Sylvain. Kifua hiyo si ya kucheza nayo." Nilimweleza kwamba ni kwale. Akasema basi kwale huyo ni mgonjwa sana, naye anywe.

Asali nzuri mno. Mungu ambariki mama huyu, ingawa hana sikio.

Jumatano, 6 Oktoba.

Ruhusa kazini. (Jino.) Basi dogo mpaka Kanama. Nikajificha kwenye shamba la maharage chini ya nyumba ya mzee Sebagabo, wavu mkononi. Niliita saa nzima bila kupumzika. Kitu kikajibu! Kikasogea! Majani yakatikisika! Nikarusha wavu.

Jogoo.

Wa mzee Karangwa, jirani wa Sebagabo. Mwenyewe alikuwa nyuma yangu, jembe begani, akauliza kwa upole jogoo wake amenikosea nini. Nilieleza kila kitu, hadi Umuhoza. Nilimnasua jogoo, nikamrudishia. "We mutoto, unaita kwale ama unaita shida?" Akaniambia ndege huitwa mara moja, kisha unanyamaza nusu saa, maana ukimwita sana anajua ni mtu. Ushauri wa mkulima, sina la kusema.

Nilitaka kukasirika, ikashindikana. Alinifungia viazi vya kwenda navyo. Nimevila usiku huu na chumvi. Mzee mwema.

Alhamisi, 7 Oktoba.

Nimegundua kosa, na si langu. Kilima ni kikubwa, koo ni dogo. Inatakiwa sauti ya kufika mbali. Sokoni kwa Abdu nimepata filimbi ya chuma, ile ya mwamuzi wa mpira. Abdu alianza kunieleza jambo kuhusu filimbi na watu wa Kanama. Sikungoja. Muuzaji hakosi maneno.

Nikamkuta Umuhoza hapo hapo sokoni, kwenye nyanya. Anasema baba yake hana haja ya kwale. "Papa anataka kuona mutu moja tu mwenye atasimama upande yako, Sylvain. Moja." Macho yalimjaa machozi. Nikamwambia atulie, nina mpango. Hapo ndipo yalipomwagika.

Nampenda. Nikimkosa sijui nitaishije katika mji huu.

Ijumaa, 8 Oktoba.

Mvua kutwa. Nimefanya kazi ya ofisi, kwa mshangao wa wote.

Jumamosi, 9 Oktoba.

Niandike kwa utaratibu.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa kwenye maharage. Nikapuliza filimbi mara tatu, kwa nguvu zote. Kimya. Nikapuliza tatu nyingine. Mwanamke akapiga kelele juu ya kilima. Kilima cha pili kikamjibu. Milango ikafunguka, mbwa wakabweka, watu wakateremka kutoka kila upande na fimbo, majembe na michi. Wote wanakimbia! Nikajua kuna mwizi. Nikakimbia nao.

Tulikimbia mpaka kwenye migomba na kurudi. Mwishowe Hakizimana, mkuu wa seli, yaani kiongozi wa kitongoji, akauliza, huku akihema, nani amepuliza. Kila mmoja akamtazama mwenzake. Kisha wote wakaitazama filimbi iliyoning'inia shingoni mwangu.

Sikujua. Miaka hii ya hofu tangu vita wamelinda kilima kwa zamu, na filimbi mara tatu maana yake jirani yuko hatarini. Anayeisikia anakuja. Anayebaki nyumbani huulizwa kwa nini. Ndiyo habari aliyotaka kunieleza Abdu.

Nikasema nilikuwa naita kwale. Hakuna aliyecheka. Hakizimana alisema maneno ambayo siyaandiki. Kisha mzee Karangwa akaketi chini, jasho linamtoka, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. "Nilisikia inatoka kwa maharage," akasema. "Nikasema ni ule mutoto ya kwale, wanamuua."

Alikuwa amenikimbilia mimi! Na umri ule! Tangu nilipovuka mpaka kuja nchi hii sijawahi kukimbiliwa na mtu. Nililia mbele ya watu arobaini. Umuhoza alikuwapo, ameshika mchi. Ndipo wakacheka.

Faini: madumu mawili ya pombe ya ndizi, kesho baada ya kanisa, uani kwa Karangwa. Nimeipokea kwa moyo wote.

Jumapili, 10 Oktoba.

Mama Thacienne amekuja nami. Alibeba dumu moja yeye mwenyewe, na sambaza juu yake. Kilima kizima kilikuwapo, na mzee Sebagabo mbele.

Pombe haiguswi kabla haijasemwa imeletwa kwa nini. Karangwa akavua kofia, akasimama. Nilijua atataja kosa langu. Badala yake alisema: "Sebagabo, mutoto yetu iko hapa. Alituita, tukakuja. Pombe ni yake. Tunakuomba bibi."

Bibi kwa huku ni mke: alikuwa ananiposea! Sebagabo akakunja uso, ndiyo desturi, baba lazima asumbue. Akasema mtoto wenu anaiba majogoo. Karangwa akajibu kwamba alirudisha. Sebagabo akasema mtoto wenu ni mwongo wa kwale. Karangwa akafikiri. "Hiyo ni kweli kabisa. Mupe bibi, atamufundisha."

Watu wakacheka, Sebagabo hakucheka. Aliwatazama waliokaa nyuma yangu, mmoja mmoja, mpaka Mama Thacienne na sambaza zake. "Niliuliza watu yake iko wapi," akasema taratibu. "Bon. Mi mwenyewe nilikimbia wakati alipiga filimbi." Akanyoosha mkono apewe kikombe.

Donat alifika saa tisa na wajomba tisa. Walikuta nyumba ya Sebagabo imefungwa, wakafuata kelele. Wakanywa faini yangu. Kisha Donat akampeleka Mama Thacienne nyumbani kwa pikipiki. Hata yeye namshukuru. Mungu si Athumani!

Jumatatu, 11 Oktoba.

Nimeamka mchumba wa mtu. Nashukuru kwa Umuhoza, kwa Karangwa atakayesimama kama baba yangu, na kwa kilima chote. Harusi ni Januari.

Nimetafakari kwa utulivu. Filimbi moja ndogo imeleta mke na watu arobaini. Kwa hiyo njia yangu ni sahihi. Kwale hawakuja kwa sababu moja iliyo wazi: hawakusikia.

Filimbi Hakizimana ameichukua. Lakini Abdu ana pembe ya ng'ombe, ndefu kama mkono wangu, anasema inasikika mpaka ng'ambo ya ziwa. Nimeinunua. Kesho asubuhi nakwenda nayo Kanama. Sijamwambia mtu, nataka wafurahi kwa ghafla.