Ombi la Cheti cha Kutokuwepo Kwangu kwenye Yoga ya Moto

Goma, tarehe 19 Juni

Kwa Mama Apolline,
Directrice wa Kituo cha Yoga ya Moto, Himbi

Mama Directrice,

Kwa heshima zote, ninakuandikia mimi Sebahire Jean de Dieu, mzaliwa wa milima ya Masisi, baba wa watoto watano, niliyejaza hati za forodha mpakani Bunagana kwa miaka ishirini na saba. Ninalalamika juu ya yaliyonipata Jumanne ya tarehe mbili katika kituo chako, kwenye kile mnachokiita kwa Kifaransa kipindi cha mardi. Mwishoni nina ombi moja dogo.

Kwanza ujue kilichonileta. Mwisho wa mwezi huu tunakwenda kumwombea kijana wetu Gradi mchumba, binti anayeitwa Umwiza. Mgongo wangu nao umekauka tangu nilipoacha kazi. Mwaka jana, kwenye arusi ya mtoto wa ndugu yangu Laurent, wakwe waliingia, watu wote wakasimama, mimi nikabaki kwenye kiti nikitabasamu. Walisema nina kiburi. Mpaka leo familia ile hainisalimu. Nikibaki kitini mbele ya wazazi wa Umwiza, Gradi atarudi nyumbani mikono mitupu, na kosa litakuwa la kiuno cha baba yake. Ndiyo maana mke wangu Donatille aliniandikisha kwako bila kuniuliza.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Tangazo lenu la mlangoni linasema anayekuja mara ya kwanza anywe vya kutosha kabla ya kuingia. Halisemi anywe nini. Kwetu, mtu akiagizwa kunywa vya kutosha kabla ya kazi nzito, hafikirii maji. Maji ni ya kuogea. Nilikunywa lita mbili za mashanza, maziwa yetu yaliyoganda, tena nikalamba kifuniko. Dakika ya kumi, nikiwa kichwa chini, maziwa yakaanza kutafuta njia yaliyoingilia. Sitaeleza zaidi. Nilifunga mdomo kwa dakika hamsini, na huo ndio utulivu wa ndani ambao Mademoiselle Bénita, mwalimu wenu, alinisifia mbele ya darasa zima.

2. Niliambiwa nivae nguo nyepesi. Niliacha tai nyumbani. Kwa nini hakuna aliyeniambia kwamba hata koti ni zito? Mtu wa umri wangu haingii nyumba asiyoijua bila koti. Nililivua dakika ya ishirini, si kwa hiari, bali kwa sababu Bénita alinishika mkono mmoja na mlinzi wa getini akanishika wa pili.

3. Joto lenyewe. Mama Directrice, wewe na mimi ni watu wa Goma. Mwaka 2002 niliukimbia moto wa mlima wetu wa volkano nikiwa na godoro kichwani. Mwaka 2021 niliukimbia tena, Donatille akiwa na sufuria ya maharage aliyokataa kuiacha. Leo, katika uzee wangu, nimeufuata moto kwa miguu yangu mwenyewe, nimebeba kigodoro cha mpira kwapani, nikafungiwa nao chumbani. Marehemu mama yangu angeuliza kama nimerogwa.

4. Kuna mkao mnaouita ng'ombe. Mimi nimezaliwa zizini, ng'ombe ninamjua. Hakuna ng'ombe anayekaa vile isipokuwa yule tunayemwitia mganga. Nilipomweleza Bénita jambo hilo, alijibu kwa upole tu: "Papa, mupumue, musijikaze." Nikapumua. Maziwa yakakumbuka tena.

5. Sasa nafika kwenye jeraha lenyewe. Katika mkao ule wa kuinama, matako juu na kichwa chini, nilitazama nyuma kupitia katikati ya miguu yangu. Kwenye kigodoro cha nyuma yangu nikaona uso mwekundu uliopinduka, nao unanitazama kutoka katikati ya mikono yake. Ulikuwa uso wa Mama Mukantwari. Mama yake Umwiza! Mama Directrice, kwetu wakwe huonana wakiwa wamevaa, wamekaa, na kila upande una mtu wa kuusemea. Mkwe husalimiwa kwa mikono miwili. Mikono yangu yote miwili ilikuwa sakafuni inanizuia nisianguke. Kwa hiyo nilifumba macho. Naye alifumba. Sijawahi kuona aibu kama ile, na mimi ni mtu niliyewahi kulipitisha lori la mafuta kwa hati ya mbuzi.

6. Mwishoni mlituamuru tulale kama maiti. Hapo sina lawama, nilitii kupita wote. Donatille ameambiwa na watu watatu kwamba nilikoroma, kisha nikaita ng'ombe wa marehemu baba yangu mmoja mmoja kwa majina. Sikujua kama bado ninayakumbuka yote.

7. Ili nisionekane mwepesi wa kulaumu, nimerudi Alhamisi tatu mfululizo, siku ambazo Mama Mukantwari haji, kuhakiki malalamiko haya kama tulivyokuwa tukihakiki mizigo Bunagana, gunia kwa gunia. Yote ni kweli. Joto lipo. Ng'ombe bado si ng'ombe.

Kwa sababu hizo, ninaomba uniandikie cheti, chenye sahihi yako na mhuri wa kituo, kinachothibitisha kwamba tarehe mbili Juni mimi Sebahire sikuwepo, na kwamba mzee aliyeonekana pale alikuwa mwingine. Usione haya. Katika kazi yangu nimeona kwamba kitu chenye mhuri huwa kweli ifikapo jioni. Cheti hicho nitakiweka mezani kwa wakwe kabla ya mazungumzo kuanza, ili Gradi asikose mke kwa sababu ya kilichoonekana katikati ya miguu ya baba yake.

Nikitumaini kwamba utanisikiliza kama mama anavyomsikiliza mzee aliyechemshwa, nakuomba upokee heshima zangu, ambazo hazijakauka jasho. Nisalimie Bénita, ambaye hana kosa. Msalimie mlinzi wa getini, aliyenifungia viatu. Wasalimie pia wote waliolala kama maiti pamoja nami, na waambie kwamba ng'ombe Gaju alikuwa mtulivu kuliko ninavyomwita usingizini.

Sebahire Jean de Dieu

N.B. Tarehe 28. Barua hii haikuondoka. Niliisahau kwenye mfuko wa koti, na koti hilo ndilo nililolivaa jana kwenda kuomba mchumba. Tulikuwa tumeketi, Laurent yuko kando yangu, tayari kunivuta mkono. Mama Mukantwari akaingia na dada zake. Mama Directrice, nilisimama! Sikushika kiti, sikumshika Laurent, nilisimama kabla ya vijana. Nikampa mikono miwili. Donatille aligeuza uso ukutani, nikajua analia, nami nusura nimfuate.

Mama Mukantwari hakuonyesha chochote. Aliwaambia watu wote, "Huyu muzee anasimama sawa kijana, sijui wanamulisha nini." Umwiza wametupatia. Kisha likaja gudulia la maziwa, akanimiminia kwa mkono wake mwenyewe, akainama karibu na sikio langu.

"Kidogo tu, muzee," akasema. "Mardi iko karibu."

Kwa hiyo cheti usiandike. Niwekee kigodoro changu, pale pale, mbele ya kile cha mkwe wangu.