Mazoezi ya Kiingereza Ndani ya Fungate

Buyenzi, Jumatano

Mwalimu Népomuscène,

Na kama nilivyokuwa nikikueleza dirishani asubuhi, kabla shangazi Ghanima hajavuta pazia, fungate yetu sisi ni siku saba. Najua kwenu bwana arusi akishatoka kanisani Jumamosi, Jumatatu yuko kazini, kwa hiyo sikulaumu kwa kuja. Nakulaumu kwa daftari ulilomwachia mume wangu Sami: sentensi arobaini za nyakati za kuendelea na kauli ya kutendwa, na mtihani Jumamosi, siku yetu ya sita!

Malalamiko yangu, kwa heshima zote:

1. Kwa Kiswahili mtu anakula, basi, anashiba. Kwa Kiingereza chako lazima kwanza awepo, ndipo aendelee kula. Jana nilimwomba Sami maji. Alisimama wima, mkono kifuani, akanitangazia kwa Kiingereza kwamba yumo katika kuleta maji. Yumo hadi leo.

2. Kikombe cha shangazi kimepasuka. Sami, mboni ya jicho langu, akasema kimevunjwa. Shangazi akauliza, na nani? Akajibiwa kwamba katika kauli ya kutendwa mtenda si lazima atajwe. "We mutoto," shangazi akasema, "mu nyumba yangu ni lazima!"

3. Sentensi ya kumi na tisa aliitunga mwenyewe: Sami anampenda Rania. (Nililia kidogo.) Alipoigeuza, mimi nikaja mbele, yeye akasukumwa mwisho wa mstari, na katikati yetu yakaketi maneno manne ya kigeni: is being loved by. Mwalimu, hata shangazi hajathubutu kuketi hapo.

4. Naomba mtihani usogezwe. Najua ile ofisi ya wageni kule Rohero inataka karani mmoja tu anayejua Kiingereza, na haitangoja. Najua pia kwamba tangu vita vilipofunga duka alilokuwa akiuza Sami pale mtaa wa Asiatique, hana kazi. Lakini kazi hutafutwa mwaka mzima. Fungate haitafutwi tena. Ikishindikana, waandikie Waingereza waipumzishe kauli ya kutendwa hadi Jumatatu. Wakikataa, mabibi arusi wote wa Bujumbura tutatia sahihi.

Msalimie mkeo Jovithe, watoto, na darasa zima, hata waliotucheka.

Ni mimi, mwenye furaha isiyoenea katika kamusi yoyote,
Rania wa Sami

N.B. Saa nane hii ya mchana Sami amelala juu ya sentensi ya ishirini. Zilizobaki nimezimaliza mimi, na katika zake nimesahihisha saba. Naona haya kusema: sentensi hizi ni tamu. Tena ofisi haikusema karani awe mwanamume. Basi mtihani usiusogeze hata saa moja. Jina langu liandike chini ya lake. Nitakuja nimejifunika buibui la shangazi, ambaye bado hajaambiwa, na tuone nani kati yetu wawili atamlisha mwenzake. Matokeo yangu usimpe mtu. Nitayafuata mwenyewe hapo kwako kabla mwezi haujaisha.