Hatua ya Nne kwa Kila Mteja

Profesa, ambaye shule aliiacha mapema na hilo jina akajipa mwenyewe, aliona riziki yake nje ya maabara: watu wazima wameshika karatasi za majibu, na hakuna anayejua kuzisoma. Kesho yake akakodi chumba ng'ambo ya barabara, akavaa koti jeupe, akaanza kugawa hatua za ugonjwa sugu wa figo, ambazo ni tano, na ya tano ndiyo mbaya kuliko zote. Kila aliyeingia alikuwa hatua ya nne. Akinywa sharubati ya Profesa wiki moja, alishushwa hadi ya pili. Kushuka hadi ya kwanza kulihitaji chupa kubwa.

Siku moja aliingia mkandarasi mnene, kaleta mkojo wake na shemeji yake, muuguzi mstaafu.

"Hatua ya nne, bosi," Profesa alisema, kwa huzuni aliyoifanyia mazoezi.

"Umempima damu?" shemeji akauliza.

"Mimi nasoma rangi, mama."

"Hatua hupimwa kwa kasi ya figo kuchuja damu. Ya nne ni mililita kumi na tano hadi ishirini na tisa kwa dakika. Na ugonjwa hauitwi sugu mpaka kasoro idumu miezi mitatu. Wewe umempa dakika tatu."

Mkandarasi akaanza kutazama mlango. Ili asimpoteze, Profesa akajitolea kuwaonyesha mkojo wa figo nzima, yaani wake. Akatoka, akarudi na kikombe, akachovya vijikaratasi viwili vya kupimia, kimoja katika kila mkojo.

Cha mkandarasi kikabaki njano. Cha Profesa kikawa kijani.

"Hiyo ni protini, mwanangu; figo nzima haziipitishi," muuguzi alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomtisha. "Presha umewahi kupima?"

"Bado."

"Kapime, na damu pia. Halafu urudie baada ya miezi mitatu."

"Mama, mimi huwa sikai mji mmoja miezi mitatu."

"Safari hii utakaa."

Akapima, akakaa. Wateja wake wa zamani walimkuta kirahisi; mmoja aliondoka na koti, mwingine na viatu. Hakutoroka. Siku ilipofika, mtaalamu wa maabara alimsomea majibu dirishani: kasi ya figo kuchuja, mara ya kwanza hamsini na mbili, leo hamsini. Hatua ya tatu.

Profesa akainama karibu. "Hakuna namna ya kunishusha hadi ya pili?"

"Hakuna. Kazi yako sasa ni usipande. Dhibiti presha, punguza chumvi, usikose kliniki. Anayefuata!"

Profesa akaomba kalamu, akaandika tarehe ya kliniki kiganjani. Kisha, kwa mara ya kwanza maishani, akamshukuru mtu bila kumtazama mfukoni.