Mtambo Namba Kumi na Nne

Kwa mamlaka niliyonayo kama Meneja Utumishi na Mwenyekiti wa Kamati ya Motisha ya Matengenezo, mimi Apolinary natangaza kwamba bonasi ya mafundi wa kiwanda chetu cha minofu ya samaki, hapa Musoma, imetolewa kwa haki na uwazi. Anayesema vinginevyo hajasoma mwongozo. Niliuandika mimi.

Ubunifu pia ulikuwa wangu. Fedha huyeyukia mfukoni, niliwaambia wajumbe, lakini mtu wa Mara mwonyeshe ng'ombe uone atakavyochapa kazi. Tukanunua mmoja mnadani Bunda, mwekundu, mwenye maziwa. Bajeti ya matengenezo haikuwa na kifungu cha mifugo, kwa hiyo tukamsajili kama mtambo, namba kumi na nne, tukamvisha kibati cha namba shingoni kama mashine nyingine zote. Kigezo kilikuwa kimoja: mtumishi ambaye mtambo wake hautakatiza uzalishaji mwezi mzima, anamchukua.

Wakati tunasubiri mshindi, ng'ombe alifungwa nyuma ya chumba cha boila. Nilimkabidhi Nyamburi, msaidizi anayepaka mashine grisi, kwa kuwa yeye peke yake hakuwa na mtambo wa kushindania. Maziwa yaliletwa ofisini kwangu kila asubuhi, ndani ya chupa ya chai, kwa ajili ya uhakiki wa ubora. Niliyahakiki yote.

"Bosi," Nyamburi aliniambia siku moja, "kwetu Bugwema anayechunga ndiye anakunywaga maziwa. Na mimi tangu baba afe, zizi letu limeota magugu. Nipe basi hata kikombe."

"Mila si kigezo, Nyamburi."

"Na wewe unachungaga saa ngapi?"

Nilimsamehe, maana hakusomea utawala.

Mwezi wa kwanza kompresa ya barafu ya fundi Hezron haikuharibika hata kidogo. Ila umeme ulikatika mtaa mzima wa Mukendo, kiwanda kilipo, kompresa nayo ikanyamaza. Nikaamua kwamba kukatiza ni kukatiza. Mwezi wa pili boila ya fundi Masanja ilinguruma vizuri, lakini aliizima mwenyewe ili aisafishe. Nikatoa ufafanuzi kwamba kukatiza kwa makusudi ni kosa kubwa zaidi.

Baada ya hapo hakuna fundi aliyezima chochote. Mkanda wa kupitishia samaki ukapiga kelele, wakaziba masikio. Boila ikavuja, wakaikingia ndoo.

"Tukiizima tu, ng'ombe kaenda," Masanja alieleza. Nami nikaripoti makao makuu kwamba ari ya kazi imepanda.

Ilipanda mpaka boila ikapasuka. Hakuumia mtu, ila kiwanda kizima kililala, samaki wakanuka hadi Iringo, na Mkurugenzi, Madam Dorah, akaja mbio kutoka Mwanza. Alikuwa na hasira. Pia alikuwa ameshawaahidi wenye hisa picha ya mshindi na ng'ombe wake.

"Mtambo gani haukukatiza uzalishaji?" aliuliza mbele ya wafanyakazi wote.

"Kwa masikitiko, hakuna," nilisema. "Napendekeza ng'ombe aendelee kuwa chini ya uangalizi wa ofisi yangu."

"Upo," alisema Nyamburi.

Alikuja akimkokota ng'ombe kwa kamba, kibati kikilia shingoni. "Namba kumi na nne. Umeme umekatika, huyu katoa maziwa. Boila imepasuka, huyu katoa maziwa. Ninamlishaga, ninamsafishaga, hajawahi kukosa hata asubuhi moja. Kama ninadanganya, bosi Apolinary aseme. Ndiye anakunywaga."

Mafundi wakaangua kicheko. Madam Dorah akaitazama chupa iliyokuwa kwapani mwangu, ambayo bado ilikuwa ya moto.

"Mwongozo unasema mtambo gani?"

"Wowote," nilijibu, maana ndivyo nilivyoandika.

Picha ikapigwa. Nyamburi alitoka analia, amemshika ng'ombe pembe kana kwamba tungebadilisha mawazo. Nilikuwa nimeanza kuyabadilisha.

Hata hivyo sikuvunjika moyo. Katika mwongozo nilikuwa nimechomeka kifungu kidogo: Mwenyekiti atamkagua ng'ombe wa bonasi kila Jumamosi, popote atakapokuwa. Nilijua kwamba mgeni Bugwema hatoki na koo kavu. Madam Dorah alikisoma kifungu hicho mara mbili.

"Utamkagua," alisema. "Kwa nauli yako. Nyamburi atanipigia simu usipofika."

Jumamosi nilifika. Magugu yalikuwa yamefyekwa, zizi lina miiba mipya, na watoto wa jirani walikuwa wakimchungulia ng'ombe wangu wa zamani. Nyamburi akanipokea vizuri, akanikabidhi koleo.

"Ukaguzi unaanziaga kwenye mavi, bosi. Ndipo afya inaonekanaga."

Nilikagua zizi lote mpaka shati likaloa. Nikanawa, nikakaribishwa kiti, na chai ikaletwa, ya moto, sukari ya kutosha. Ilikuwa ya rangi.

Nikachungulia ndani ya kikombe, nikamtazama mwenyeji wangu.

"Maziwa yapo," alisema Nyamburi. "Tunayahakiki."