Mota Mpya ya Mashine ya Mikate

Jumatatu, 9 Juni

Mashine ya kufungia mikate ya Dada imekata roho. Mota imeungua, harufu imefika hadi barabarani. Nimemwambia Dada asiite mtu, nipo. Akaniuliza nipo kama nani. Nimecheka. Amenilea yeye, ana ruhusa ya kunitania. Ila macho yake hayakuwa na utani. Ijumaa shule ya bweni inaanza kuchukua mikate hapa, na mwalimu mkuu amesema mkate usiofungwa vizuri haupiti getini. Tukishindwa Ijumaa, wanakwenda kwa mwingine. Tumejaribu kufunga kwa mkono. Hadi adhuhuri tulikuwa bado tunahangaika na trei za alfajiri.

Dada alitaka kumpigia Kalamu, fundi wa kiwanda cha maji. Tulisoma naye mpaka nilipoona shule imenitosha. Ana kalamu tatu mfukoni, na sijawahi kumwona akiandika. Nikasema Kalamu ana shughuli nyingi wiki hii. Huenda ni kweli. Mimi nimefanya kazi melini, nimefanya kazi mgodini, nimeona mota kubwa kuliko jiko la Dada. Mota ni mota.

Jumanne, 10 Juni

Nimepata mota kwa muuza vyuma chakavu. Nguvu ile ile, shafti, kile chuma kinachozunguka, ile ile, matundu ya boliti yamekaa sawasawa. Hata plagi zimeingia kama mguu kwenye kiatu chake. Muuzaji aliniuliza draivu yangu ni ya aina gani, yaani lile sanduku la ukutani linaloiendesha mota. Nikamwambia ya kijivu. Alinitazama kidogo, akanitakia heri.

Nimewasha. Draivu imeandika hitilafu, imegoma. Nimezima, nimewasha. Imegoma. Nimeipiga kofi dogo la mapenzi. Wapi. Shemeji, mume wa Dada, aliniuliza kwa upole kama mgeni wangu amekataa kazi au anataka kwanza kupumzika baada ya safari. Mtu mwenyewe hajui hata swichi ya taa iko ukuta gani.

Jumatano, 11 Juni

Nimepita kwa Kalamu, eti kumjulia hali. Nikamwambia kuna rafiki yangu ana tatizo. Akasema mwambie rafiki yako hivi: nyuma ya mota ya aina hiyo kuna kifaa kinachoipelekea draivu habari, kwamba shafti iko wapi na inakwenda kasi gani. Kimoja kinaitwa enkoda, na ile ya mota yao ya zamani hupeleka habari kwa tarakimu. Kingine ni rizolva, chenyewe hupeleka kwa mawimbi ya umeme. Draivu ya tarakimu haisikii mawimbi, na plagi kuingia si hoja. Asome kibandiko cha mota na cha draivu kabla ya kununua. Na asithubutu kuhamisha enkoda kwa kukadiria. Halafu akauliza kama rafiki huyo ana dada mwenye mikate. Nikasema rafiki huyo, yeye Kalamu hamjui.

Nimerudi kwa miguu, nimefikiri sana. Sanduku linangoja habari. Mota inasema kwa nguvu zake zote. Katikati, kimya. Na hakuna mwenye kosa. Nimeona ndoa za namna hiyo. Mimi mwenyewe, miaka yote namwambia Dada usijali, nipo. Sijawahi kumuuliza yeye husikia nini.

Nilipofika mlangoni wazo likaja. Enkoda ya mota iliyoungua haikuungua.

Alhamisi, 12 Juni

Nimeing'oa rizolva, nimefunga enkoda ya zamani mahali pake, kwa jicho na nyundo ndogo. Nimewasha. Hakuna hitilafu. Nikawaita wote: Dada, Shemeji, akina mama wa kufunga. Nikasema maneno machache kuhusu ujuzi. Nikabonyeza.

Mota ilitoka mbio kama imeitwa na polisi. Mkanda ukarusha mikate. Mmoja ulimpata Shemeji begani, akauokota, akasema angalau umeiva. Dada ndiye aliyebonyeza kitufe chekundu.

Hakunigombeza. Aliketi juu ya gunia la unga. Akasema tangu mama yetu afariki ameniacha nijaribu kila kitu, maana aliogopa akinikataza nitavunjika moyo. Sasa amechoka yeye. Akaniomba nimpigie Kalamu, kwa mkono wangu mwenyewe.

Nilinywea. Nikapiga.

Kalamu alikuja na mkoba. Akasema enkoda hulinganishwa na sumaku zilizomo ndani ya mota. Mimi niliikalisha nilivyotaka, ikatoa habari za uongo, na draivu ikaamini ilichoambiwa. Kioo cha ndani ya enkoda hiyo sasa kimepasuka, haifai tena. Akairudisha rizolva, akafungua draivu, akatoa kadi iliyosoma tarakimu, akachomeka nyingine ya mkobani, inayosoma mawimbi. Akaipa draivu vipimo vya mota mpya, akaiacha ijitafutie pembe ya shafti. Mota ikazunguka polepole, kwa adabu. Nilimshikia tochi muda wote. Mwanga haukuhama hata kidogo, lazima isemwe.

Ijumaa, 13 Juni

Mikate imeingia getini kabla ya kengele ya chai. Imefungwa, imenyooka. Dada amenishika bega akasema ahsante kwa kupiga ile simu. Hakuzungumzia kitu kingine. Nimekaa na neno hilo asubuhi nzima. Kumbe ndilo lililokuwa la maana kwake.

Mchana mama wa kiwanda cha kudarizi, ng'ambo ya barabara, aliuliza nani aliyetengeneza mashine yetu. Nikasema tulikuwa wawili, ila mmoja alichelewa kufika. Akasema mota ya mashine yake ya kudarizi imeungua pia, akaanza kunisomea kibandiko cha draivu, herufi moja moja. Nikamwambia asijichoshe, mama yangu. Aniambie rangi tu, Jumatatu namletea mota.