Laini ya Kibombo Nne

Jumatatu, 5 Februari 2024

Nimemaliza. Miezi minne ya kazi, na leo maktaba yangu ya msimbo, kipande cha programu nilichokiandika mwenyewe, imesoma faili nzima bila kuanguka. Nimeiita Hamidou-Soma. Atakayeitumia, atake asitake, ataandika jina langu.

Nieleze kazi yake, kwa faida ya watakaosoma shajara hii nikishakuwa mtu mkubwa. Kampuni yetu ndogo hapa Mikelenge, mjini Kindu, inauza intaneti kwa anteni. Tuna programu inayochunga trafiki na kuichora grafu kwenye skrini: mashine gani inatuma, gani inapokea, saa ngapi. Programu yenyewe haijui kitu. Inasubiri kuambiwa na faili ya mipangilio, yenye majina na anwani za mashine zote. Faili yetu ni ndefu na chafu. Alama moja ikisahauliwa, programu inalala. Maktaba yangu inaisoma, inaisafisha, inataja kosa liko mstari gani.

Nilimwonyesha Mama Bibiche, patroni wetu, mwenye kampuni. Alisema vizuri, kisha akauliza nimeleta wateja wangapi wapya. Désiré, fundi mwenzangu, akanijibia: hakuna hata mmoja, yeye kaleta kumi na mmoja. Désiré mwenye cheti cha Kisangani. Désiré anayeweka mezani kitambaa cha kupangusia viatu vyake tu. Mwezi huu mmoja wetu atachaguliwa chef, mkuu wa ufundi. Atakayechaguliwa anapata meza ya dirishani.

Ile meza ni yangu.

Jumanne, 6 Februari

Njia nimeipata. Programu inaamini faili. Faili inapita mikononi mwa maktaba yangu. Basi mteja naweza kumwandika mwenyewe.

Nimemwandika. Jina: Kibombo-4. Nimechagua nne ili watu wadhani tatu nyingine ziko njiani. Mahali: nyuma ya gare ya Kibombo, stesheni ya reli. Anwani ya kubuni. Grafu yake ingebaki tupu, nami ningesema mteja bado anafunga vifaa.

Saa nne asubuhi grafu ilipanda.

Ilikaa juu dakika kumi na mbili, ikipanda kidogo na kushuka kidogo, kama kifua cha mtu anayesema. Kisha ikalala. Nilikunywa maji. Mama Bibiche alipita, akaona, akanipongeza mbele ya Désiré. Nilizipokea pongezi. Ningefanyaje?

Jumatano, 7 Februari

Saa nne kamili, tena. Dakika kumi na mbili, tena.

Désiré alisema maktaba yangu ina kosa: ikikosa anwani, inaazima hesabu za mashine nyingine. Nilimwambia Hamidou-Soma haina kosa. Alikwenda mwenyewe akachomoa kebo ya anteni kubwa. Laini zote sitini zikaanguka palepale. Ya Kibombo-4 ikaendelea. Dakika sita nzima, bila waya wa kupitia.

Désiré alirudisha kebo. Ilimchukua mara tatu kulipata tundu. Hatukutukanana tena mpaka jioni, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Nikaufuta ule mstari. Maktaba ikajibu: faili safi, mashine sitini na moja. Nilihesabu kwa kidole. Sitini. Nilihesabu kwa kidole kingine.

Alhamisi, 8 Februari

Balaa. Mama Bibiche amemtuma Désiré aende Kibombo kwa pikipiki, akamsalimie mteja wangu. Niliomba mvua inyeshe. Ilinyesha. Akaenda hivyohivyo.

Yaya Rehema, kama tunavyomwita kwa heshima dada mkubwa anayefanya usafi ofisini, alikuwa akipangusa meza yangu saa nne ilipogonga. Ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu, hasemi sana. Aliona jina kwenye skrini, akaona laini inapanda. Akaweka kitambaa chini. Aliuliza nani aliniambia lile jina. Nilisema nimelibuni. Alinitazama mpaka nikaona haya, na mimi si mtu wa kuona haya.

Akavuta kiti, akanisimulia.

Mwaka 1999, wakati wa vita, reli ilikuwa imekatika na barabara hazipitiki. Habari zilipita kwa foni, redio ya wafanyabiashara. Rehema alikuwa msichana wa miaka ishirini, akishika foni ya mfanyabiashara mmoja karibu na gare yetu. Kule Kibombo foni ilishikwa na kaka yake, Youssouf. Jina lake hewani lilikuwa Kibombo Nne. Kila siku saa nne aliita, akasoma majina ya waliotoka porini wakiwa hai. Rehema aliyaandika. Nje ya mlango watu wa Kindu walisimama wakingoja kusikia jina la mtoto, la mume, la mama.

Asubuhi moja kukawa na habari kwamba askari wanapita nyumba kwa nyumba kutafuta redio. Mfanyabiashara akaamuru foni izimwe. Youssouf alikuwa katikati ya orodha. Alikuwa amesoma dakika kumi na mbili.

“Nilimufungia akiwa anasema,” Yaya Rehema aliniambia. “Sikumwambia hata kama nimesikia.”

Hakumsikia tena. Hakuna aliyemsikia tena.

Nilimwambia grafu si sauti. Alisema anajua, akarudi kupangusa.

Ijumaa, 9 Februari

Désiré amepiga simu kutoka Kibombo. Nyuma ya gare kuna nyumba bila paa, miti imeota ndani, na chuma cha mlingoti bado kimesimama. Mkulima wa mpunga aliye jirani alimwambia iliungua wakati wa vita ile, na kwamba asubuhi hapendi kupita hapo. Désiré hakuuliza kwa nini. Anarudi kesho kutwa. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Nilimwambia Mama Bibiche mteja anahama nyumba. Anataka jina lake Jumatatu.

Baada ya sala ya Ijumaa Yaya Rehema alinikuta kwenye ngazi. Aliuliza kama kuna njia ya kujibu. Nilisema hapana, maktaba inasoma faili, haitumi salamu. Kisha nikakumbuka kwamba kila mashine katika faili ina mstari wa maelezo, ambapo fundi anaandika atakalo. Sijui kwa nini nilimwambia. Labda nilitaka ajue jinsi nilivyoipanga vizuri.

Jumamosi, 10 Februari

Ofisi imefungwa leo, tulikuwa wawili tu. Niliurudisha mstari wa Kibombo-4 katika faili. Kwenye maelezo niliandika kama alivyonitajia, neno kwa neno:

“Kindu iko inasikia. Maliza majina.”

Saa nne laini ilipanda. Yaya Rehema alikuwa na kalamu na karatasi. Dakika kumi na mbili zikafika. Nilishika meza. Laini haikulala.

Ikaendelea. Ikipanda kidogo, ikishuka, ikipanda. Kila ilipopanda alichora alama moja kwenye karatasi, midomo ikicheza bila sauti. Jua lilikuwa kali dirishani, na mimi nilikuwa na baridi mgongoni. Dakika arobaini. Kisha laini ikashuka polepole, ikalala chini kabisa.

Alama thelathini na moja. Watu thelathini na mmoja waliokuwa hai asubuhi ile. Majina yao hatuyajui.

Alisema nifute maelezo, niandike: “Nimepokea.” Niliandika. Alikunja karatasi, akaiweka kifuani ndani ya nguo, akaniaga kwa adabu kama mtu aliyetoka msibani. Nilibaki nimekaa. Nililia kidogo. Vumbi la feni, pengine.

Jumatatu, 12 Februari

Saa nne: kimya. Laini chini. Niliufuta mstari, maktaba ikasema sitini. Yaya Rehema alipangusa meza yangu bila kutazama skrini. Alikuwa anaimba kwa pua.

Mama Bibiche alitaka jina la mteja. Nilisema amehama. Alisema basi na meza ya dirishani imehama pamoja naye. Désiré njo chef, si mimi.

Désiré alinivuta pembeni. Hakunicheka, na hilo liliniuma zaidi. Alisema kwa sauti ya chini kwamba ile nyumba ameiona, na nisiandike tena jina la uongo katika faili maisha yangu yote. Nilisema ndiyo, chef.

Jumanne, 13 Februari

Nimetafakari kwa utulivu. Kosa langu lilikuwa moja: mteja mmoja hatoshi. Akiondoka, unabaki mikono mitupu.

Asubuhi nilipita gare kwa Papa Florentin, mzee wa reli aliyestaafu, aliyeshika foni wakati wa vita. Nilimwomba majina ya vituo vyote vya foni vilivyonyamaza. Alinipa saba, polepole, akipumzika baada ya kila kimoja. Aliuliza kama niko tayari kuwasikiliza wote. Nilimtuliza. Nilimweleza kwamba maktaba yangu haimsikilizi mtu, inasoma tu.

Nimeyaandika yote saba. Faili safi. Ni saa nne kasoro dakika tano, na Mama Bibiche nimemwita aje aone.