Tiba ya Uyoga Nyumbani kwa Bibi Haverkamp

Dorsey Krantz alikuwa anatafuna keki mkahawani, mjini Boulder, aliposikia riziki ikilalamika meza ya pili. Bibi mmoja mwenye mvi na pete za vito vya buluu alikuwa akimlilia mhudumu: huzuni imemchosha, usingizi hauji, na kwenye kituo cha tiba ya uyoga, ule wa kulevya ambao huko sheria inauruhusu kutibu huzuni, wamemwambia angoje hadi kiangazi.

"Kiangazi!" Dorsey akajongea na kiti chake. "Mama, huzuni haijui foleni. Mimi ni Daktari Orion. Nakutibu nyumbani kwako."

"Una kibali, mwanangu?"

"Kibali ni karatasi. Mimi nina mikono."

Hapo hakudanganya. Mikono alikuwa nayo, na mifuko ya watu iliifahamu vizuri.

Alhamisi akafika kwenye jumba la vioo mlimani, alikoelekezwa na bibi, akaegesha gari lake la mizigo mlango wa jikoni. Ukutani picha za kuchora, kabatini vyombo vya fedha. Mate yakamjaa. Akamkorogea Bibi Lorna Haverkamp chai ya tangawizi yenye unga wa uyoga wa supu, ule wa dukani, usioweza kumlewesha hata panya. Kisha taratibu zote za waganga wa mji ule: mteja akabidhi simu na funguo za gari, asije akaendesha akiwa mawinguni, kitambaa machoni, muziki wa filimbi masikioni, na mganga akae kando, kimya, hadi dawa iishe mwilini.

Dorsey hakukaa. Alibeba vinara, vijiko, picha baada ya picha, mpaka gari likainama nyuma kama punda mwenye mimba. Ilibaki saa ya dhahabu tu, mezani kando ya kochi. Aliponyoosha mkono, mkono mwingine ukamdaka.

"Nakuona unabeba mzigo," akasema bibi, kitambaa bado machoni.

Dorsey akaganda. "Mzigo... gani, mama?"

"Wa moyoni. Umefiwa na nani?"

Dorsey alifungua mdomo aseme uongo, na uongo, kwa mara ya kwanza, ukagoma. "Mama yangu. Hata kumzika sikwenda. Polisi walikuwa wananingoja makaburini."

"Maskini wee! Basi lala wewe. Mimi nimeshapona."

"Lakini mimi ndiye daktari!"

"Ndio nyie mnaoficha maradhi. Lala. Funguo kwanza, sheria ni sheria."

Na Dorsey, bingwa wa kumuuzia samaki maji, akatoa funguo. Alikuwa ameihubiri sheria ile kwa watu wengi mno, hata mwenyewe akaingia dini. Kitambaa, filimbi, kiganja chenye joto kwenye paji la uso. Akalia kama mtoto aliyeachishwa ziwa, kisha akalala usingizi ambao hakuwa ameuonja tangu msiba.

Aliyemwamsha alikuwa mwenye jumba, bwana mmoja aliyerudi safari na kukuta kuta tupu, polisi wawili nyuma yake. Bibi Haverkamp? Hamjui, hajawahi kumsikia. Kumbe siku nzima Dorsey alikuwa hamali wa bure wa bibi, tena kwa gari lake mwenyewe, ambalo sasa halikuwepo mlango wa jikoni.

Alitolewa akiwa na pingu, uso laini kama wa mtu aliyetoka kuoga.

"Afande," akasema mlangoni, "mkimpata yule bibi..."

"Tukuletee gari lako?"

"La, gari abaki nalo. Niulizieni tu, miadi ya pili ni lini?"